Gari Likifa Kati ya Rusumo na Lusahunga

Darajani Rusumo, juu ya maporomoko ya Mto Kagera, magari hubadilishana pande. Dereva anayetoka Kigali amekuwa akishika kulia tangu asubuhi. Kama alizungukia Burundi au mashariki mwa Kongo kwanza, ameshika kulia kwa wiki nzima. Akishagongewa muhuri kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile walichokizindua Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016, anatakiwa kuanzia hapo ashike kushoto. Kilomita za mwanzo hasahau. Hatari huja akishatulia: amesimama mji mdogo wa Benaco kuongeza mafuta na kununua ndizi, anarudi barabarani wakati hakuna gari jingine linaloonekana, na mikono inafuata mazoea. Mbele kuna mlima na kona, na nyuma ya kona kuna semitrela iliyotoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 huko nyuma, dereva wake akihesabu saa za kufika mpakani.

Tuseme Mungu amesaidia, watu wametoka wazima. Gari limelala mtaroni matairi juu, chesisi imepinda, maji ya rejeta yanamwagika kwenye majani. Na gari lenyewe si la kawaida. Ndani yake kuna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya umeme wa jua, tangi la maji, makabati ya mbao, nguo za watu wawili na hati zao za kusafiria. Fundi wa kwanza kufika analizunguka mara moja, anainama kutazama chini, kisha anasema neno ambalo kila mwenye gari analiogopa: hili limekwisha.

Makala hii inaanzia hapo. Kuhusu mwendo kasi na kona za wilaya hii ya Ngara yamesemwa mengi, na yaendelee kusemwa. Yanayofuata baada ya bredauni kuondoka ndiyo yasiyosemwa vya kutosha, na ndiyo yanayowafilisi watu.

Magari-nyumba ya namna hii si mageni katika njia hii. Ni njia ya asili ya anayetoka kuwaona sokwe wa Rwanda akitaka kufika Serengeti: Rusumo, Benaco, Lusahunga, Biharamulo, kisha Chato na Mwanza. Tangu mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalipounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700, kuna sababu nyingine ya kukaa siku mbili tatu. Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo wasafiri hulala humo au huegesha jirani. Na si Wazungu peke yao. Kuna familia za Nairobi na Kampala zinazokodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, na kuna Watanzania walioanza kung'oa viti vya Noah na Hiace na kufunga vitanda.

Hata kama hujawahi kuwaza kulala ndani ya gari, ndugu msomaji, usifunge gazeti. Gari la matangazo lililofungwa spika na jenereta, Hiace iliyogeuzwa duka la kutembea, kirikuu kilichowekewa jokofu la samaki wa Ziwa Victoria, yote hayo mbele ya mkataba wa bima yana tatizo moja na gari-nyumba. Kadi ya gari inasema kitu kimoja, na kilichoko barabarani ni kitu kingine.

Tuanze na sheria, kwa ufupi, maana hapo ndipo wengi huanguka kabla gari halijaanguka. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi za Mwingereza, inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kumlinda mtu mwingine. Ndiyo tunayoiita bima ndogo. Kwa gari binafsi imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inamlipa uliyemgonga. Gari lako mwenyewe, hata likigeuka majivu, bima ndogo hailigusi. Inayolilipia gari lako ni bima kubwa, na kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la shilingi milioni 100, basi, ni milioni 3.5, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 4,130,000. Ni fedha nyingi kutoa kwa mkupuo, na simlaumu anayesita. Ninachoomba ni kwamba anayechagua bima ndogo ajue amechagua nini, maana stika ni stika tu machoni pa trafiki, na wengi huishi mwaka mzima wakiamini kwamba gari lao "lina bima".

Kwa mgeni anayevuka Rusumo mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu ya Kadi ya Njano. Mpango huo wa COMESA ulianza kazi mwaka 1987, na Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukiwa na kadi hiyo, bima yako ya nyumbani inatambuliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na kwingineko, bila kununua bima mpya kila mpakani. Ni mpango mzuri, na umewaokoa madereva wengi wa malori. Ila kazi yake ni kulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Gari lako halimo. Mjerumani au Mholanzi aliyeleta gari-nyumba lake kwa meli naye asitegemee bima kubwa ya kwao, maana Kadi ya Kijani ya Ulaya inafika Moroko na Tunisia, haifiki Kagera. Kama hakununua bima maalumu ya safari ndefu kabla ya kuondoka, gari lililolala mtaroni Benaco ni hasara yake mwenyewe, yote.

Sasa turudi mtaroni.

Watu kwanza. Majeruhi, hata mwenye mchubuko tu, apewe fomu ya polisi ya PF3 na apelekwe hospitali. Kwa upande wa Ngara kuna Murgwanza na Nyamiaga, kwa upande wa Biharamulo kuna hospitali ya wilaya. Maumivu ya shingo na mgongo hujitokeza siku ya pili, na matibabu yasiyo na PF3 ni vigumu kuyaunganisha na ajali baadaye. Kisha polisi. Kampuni ya bima haitasoma dai lako bila karatasi zao, ambazo mtu wa bima atakutajia kwa namba kana kwamba ulizaliwa nazo: PF 90, PF 93, PF 115. Ndani yake kuna taarifa ya ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu hali ya breki, usukani na matairi, na pamoja nazo huhitajika mchoro wa eneo la tukio. Ripoti ya ukaguzi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ikisema tairi lilikuwa kipara kabla ya ajali, kampuni imepata mlango wa kutokea. Kwa hiyo kuwepo wakati mkaguzi anafanya kazi yake ni haki yako, na kuuliza kwa heshima ameandika nini si ukorofi.

Piga picha kabla gari halijasogezwa. Alama za matairi kwenye lami, mahali gari lilipolala, namba za gari jingine, leseni na stika ya dereva mwenzako. Stika hiyo unaweza kuihakiki palepale kwa simu kupitia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima, ambako namba ya gari inatosha kukuonyesha kama bima ni hai na imetolewa na kampuni gani. Halafu fungua milango upige picha za ndani: jiko, friji, betri za jua, kila kabati. Baada ya usiku mmoja nje, huenda picha hizo zikabaki ushahidi pekee kwamba vitu hivyo viliwahi kuwepo.

Na usiseme kosa ni langu. Ustaarabu wetu unatusukuma kuomba radhi tukiona mtu ameumia, na sikatazi pole. Lakini karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Sharti hilo hilo linataka kampuni ijulishwe mapema, kwa maandishi, na hapa umbali unaanza kuuma. Ofisi za maana za bima ziko Bukoba na Mwanza, na uamuzi mkubwa hufanywa Dar es Salaam. Piga simu, kisha tuma ujumbe wa maandishi au barua pepe siku hiyo hiyo, hata kama wakala amekujibu "usijali, nimeshaandika". Wakala anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini miezi mitatu baadaye kinachosomwa mezani ni maandishi.

Nimekuja kuamini kwamba ugomvi mkubwa wa bima hauko kwenye chanzo cha ajali. Uko kwenye mabaki. Yanalala wapi, nani anayalinda, yana thamani gani, na ni ya nani: majibu ya maswali hayo manne ndiyo yanayoamua utapata fedha kiasi gani.

Kwanza yanalala wapi. Kama kuna kesi ya usalama barabarani, na kwenye ajali kubwa huwa ipo, gari hushikiliwa kituoni kuwa kielelezo. Linaweza kukaa wiki, linaweza kukaa miezi, juani na mvuani, na mvua za Kagera tunazijua. Kila siku inayopita mabaki yanapungua thamani, na mkataba unasema ni wajibu wa mwenye bima kuyakinga yasiharibike zaidi. Kuyakinga vipi wakati yako mikononi mwa dola? Andika orodha ya kila kitu kilichomo, omba mkuu wa kituo aigongee muhuri, ubaki na nakala, nyingine uitume kwa kampuni. Ondoa vitu vyako binafsi mapema kwa ruhusa ya maandishi. Mtungi wa gesi utolewe siku ya kwanza kabisa, kwa usalama wa kila anayepita pale.

Halafu kuvuta. Ukitoka Benaco, gereji inayoweza kunyoosha chesisi iko Kahama au Mwanza. Zamani kwenda Mwanza kulimaanisha kungoja kivuko cha Busisi na mzoga wa gari mgongoni mwa lori. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu zile zinavukwa kwa dakika chache. Gharama ya lori lenyewe bado ni kubwa, na bima nyingi huweka kikomo kidogo cha fedha za kuvuta gari. Usivute kabla ya kupata idhini ya kampuni. Likivutwa bila idhini, gharama inaweza kukubakia.

Thamani ndiyo sehemu inayonikera zaidi, kwa kuwa hapa mtu mwaminifu anaweza kuumia bila mtu yeyote kumdanganya.

Chukua Land Cruiser iliyonunuliwa kwa milioni 70. Mwenyewe akatumia milioni 30 kuigeuza nyumba: paa la kuinuka, kitanda, paneli za jua, tangi la pili la mafuta, friji. Siku ya kukata bima wakala alitazama kadi ya gari, akaandika 70. Hakuna aliyesema uongo. Gari likifa kabisa, kampuni haiwezi kulipa zaidi ya ile 70 iliyoandikwa, na milioni 30 za fundi seremala na fundi umeme zimeondoka. Lakini hata gari lisipokufa kabisa mambo si mazuri. Tuseme matengenezo yanagharimu milioni 40. Kampuni itasema gari lako lilikuwa na thamani ya 100, ulilikatia bima ya 70, kwa hiyo asilimia 30 ya kila hasara unaibeba mwenyewe. Itakulipa milioni 28, na kutoka hapo itakata eksesi, yaani ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba. Wataalamu huiita kanuni ya wastani. Iko kwenye mikataba mingi, kwa herufi ndogo, na nimezungumza na watu wenye magari matatu manne ambao hawajawahi kuisikia.

Kinyume chake nacho kipo. Mwingine anaandika 100 mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka anahuisha kwa 100 bila kufikiri. Mwaka wa nne gari limechakaa, sokoni ni la 75. Likifa, kampuni inalipa 75, kwa kuwa bima hukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, haikupandishi. Malipo ya ziada aliyotoa miaka yote hayarudi.

Dawa ipo, nayo ni kabla ya ajali. Omba mkataba wa thamani iliyokubaliwa, ambapo wewe na kampuni mnakubaliana kwa maandishi kwamba gari hili, pamoja na vilivyofungwa ndani, ni la kiasi fulani, kwa ripoti ya mthamini na picha. Kampuni si zote zinapenda, lakini mteja anayeomba na kuleta ripoti husikilizwa. Tunza risiti za fundi, hata za kuandikwa kwa mkono. Taja kila kilichoongezwa. Na taja matumizi ya kweli. Gari-nyumba linalokodishwa kwa watalii ni gari la biashara. Ukilikatia bima ya gari binafsi kwa kuwa ni nafuu, siku ya ajali kampuni itauliza waliokuwa ndani walikuwa nani na walilipa nini. Jibu la swali hilo peke yake linaweza kulizika dai zima.

Anayekodi naye asikilize. Ukichukua gari Arusha, Kampala au Nairobi ukavuka nalo mpaka, bima ni ya mwenye gari, dai ni lake, na wewe unabaki na dhamana uliyoweka. Hakikisha mkataba wa kukodi unataja kwa jina nchi unazokwenda. Bima kubwa iliyokatwa Uganda bila nyongeza ya kuvuka mpaka inaweza kuwa imekoma mpakani Mutukula wakati wewe uko Ngara.

Sasa swali la nne, mabaki ni ya nani. Kampuni ikilitangaza gari kuwa limekwisha, kwa kawaida kwa kuwa gharama ya kulitengeneza imepita sehemu kubwa ya thamani yake, na ikalipa thamani yote, mabaki yanakuwa mali ya kampuni. Itayauza kwa mnada au kwa zabuni. Lakini unaweza kuyataka. Kampuni itakata thamani yake kwenye malipo yako na kukuachia. Na kwa gari-nyumba mara nyingi inafaa, kwa sababu mnunuzi wa chuma chakavu anatazama injini na gia, hatazami paneli za jua, betri nzima na friji ambavyo kwako vina faida. Uliza zabuni ya juu kabisa ilikuwa kiasi gani. Usikubali wakukate milioni 15 kwa mabaki ambayo mnunuzi wa Kahama aliyataka kwa tisa. Jambo hili wateja wetu hawalijui kabisa, na inaniuma kuona watu wakisaini bila kuuliza.

Uingereza wana utaratibu ninaotamani tuige. Kila gari lililotangazwa limekwisha hupewa daraja la herufi, na tangu Oktoba 2017 madaraja ni manne: A na B ni magari ambayo hayatakiwi kurudi barabarani kamwe, S ni yaliyoumia kwenye fremu au muundo wake lakini yanatengenezeka, N ni yale ambayo muundo wake haukuguswa. Mnunuzi anayatazama kwenye kumbukumbu kabla ya kutoa fedha. Kwetu gari lililokufa Benaco linaweza kunyooshwa, likapakwa rangi, likauzwa mjini kwa mtu asiyejua kitu.

Kwa gari la kigeni kuna mdai wa tatu, naye ni forodha. Magari-nyumba mengi yanayotoka mbali huingia kwa kitabu cha karneti, kinachotolewa na vyama vya wenye magari kama ADAC ya Ujerumani au kile cha Afrika Kusini. Kitabu hicho ni ahadi kwamba gari litatoka nchini, na lisipotoka, ushuru utalipwa. Gari limekufa Ngara, haliwezi kutoka kwa matairi yake. Machoni pa mamlaka ya mapato, TRA, bado liko nchini, na kama halikusafishwa kwenye kitabu, chama kilichotoa karneti kitadaiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT, na nyongeza ya ukongwe wa gari; kisha chama kitamgeukia mwenye gari na kushika dhamana yake. Wapo wasafiri wanaopanda ndege kurudi kwao wakidhani wameacha chuma tu. Wameacha deni. Njia zilizopo ni kuyasafirisha mabaki nje, kuyalipia ushuru, au kuyakabidhi na kuyaharibu mbele ya ofisa wa forodha, na kila moja inataka maandishi. Aende mwenyewe ofisi ya forodha Rusumo na ripoti ya polisi mkononi, mapema, kabla kibali hakijaisha muda. Na asimpe mtu mabaki bure kwa huruma. Kijana atakayeyapokea ndiye atakayekutwa na mali isiyolipiwa ushuru.

Njia hii imewahi kuona mizigo mizito kuliko huo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, wakikimbia Rwanda, na Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa maturubai. Si mbali na hapo ilikuwako Lukole, kambi ya Warundi, ambayo miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa na watu wapatao 100,000 na ikafungwa mwaka 2008. Katika miaka ile barabara ilijaa malori ya chakula na magari ya mashirika, na msitu wa Biharamulo ulijaa majambazi wenye bunduki za kivita. Magari yalisubiriana ili yaende kwa msafara na askari. Nakumbusha haya kwa sababu ya kifungu kimoja ambacho bado kimo katika karibu kila mkataba: hasara inayotokana na vita, uvamizi au uasi hailipwi. Gari likipigwa risasi msituni, je, ni ujambazi unaolipwa au ni uasi usiolipwa? Msitu leo umetulia, na misafara imebaki hadithi. Lakini anayepanga kuvuka kwenda Kivu, mashariki mwa Kongo, na gari lake akisome kifungu hicho kabla hajafika mpakani, si baada.

Kampuni yenyewe nayo ichunguzwe. Wasafiri wengi hununua bima na Kadi ya Njano Nairobi, na Kenya wanakumbuka United Insurance ilivyowekwa chini ya usimamizi mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, wenye magari na wahanga wa ajali wakabaki na karatasi. Kwetu, shirika la bima la taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963 lilishika soko peke yake kwa miongo kadhaa, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. TIRA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2009, ndiyo inayotoa leseni na kusimamia, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa dai bila sababu unayoielewa, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi ya msuluhishi iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na uwezo wa kukodi wakili. Usikae na barua ya kukataliwa kabatini. Mikataba mingi inahesabu muda kuanzia tarehe yake, na muda ukipita dai linahesabiwa limeachwa.

Ukikubaliwa, italetwa hati ya kusaini, yenye maneno kwamba unapokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho. Soma kabla ya kusaini, uliza kama matibabu, kuvuta gari na vitu vya ndani vimehesabiwa. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki italipwa kwanza, wewe utapata kinachobaki. Kisha nenda TRA ukafute usajili, au uhamishe umiliki wa mabaki kwa aliyeyachukua. Kabla ada ya mwaka ya leseni ya magari haijafutwa mwaka 2017, magari yaliyokufa yaliendelea kudaiwa mwaka hadi mwaka yakiwa yameota nyasi nyuma ya nyumba. Ada imeondoka, lakini jina lako likibaki kwenye kadi, lolote litakalofanywa na gari hilo likifufuliwa litakutafuta wewe.

Na kwa kampuni za bima nina ombi moja. Mgodi wa nikeli wa Kabanga unaandaliwa, malori yanaongezeka, watalii wa Burigi-Chato wanakuja, na mkadiria hasara bado anatoka Mwanza au Dar es Salaam, akifika baada ya siku nyingi kukuta gari limeshapungua betri, vioo na matairi. Wekeni mtu mmoja Benaco au Lusahunga mwenye mamlaka ya kufika siku ile ile, kupiga picha, kuorodhesha vilivyomo na kuidhinisha kuvuta. Mshahara wake hautafikia hasara ya mabaki yanayoozea uani mwa kituo kwa msimu mmoja wa mvua.